Kutoka Kokwet hadi Kifungo cha Nje: Historia ya Adhabu katika Nchi ya Chai ya Kericho

Sigowet iko upande wa magharibi wa Kaunti ya Kericho, mahali ambapo chai ya nyanda za juu huanza kupungua na ardhi kuteremka kuelekea joto la Soin na bonde la mto Nyando. Historia yake ya adhabu haiwezi kutenganishwa na ile ya nchi nzima ya Wakipsigis, ambayo leo imegawanyika kati ya kaunti za Kericho na Bomet. Katika nchi hiyo gereza, yaani jengo la serikali ambamo mtu hufungiwa kwa muda uliotajwa na hakimu, ni jambo la takriban miaka 120 tu, na wazee waliozaliwa kabla ya kuja kwake walikufa wakiwa bado wanakumbuka namna nyingine ya kushughulikia kosa. Gereza hilo lilipoingia lilikuwa chombo cha kodi na cha kazi ya lazima kabla halijawa chombo cha kurekebisha tabia, na tangu siku za mwanzo lilijazwa na watu wa makosa madogo, hivi kwamba karibu kila mageuzi yaliyofuata, ya wakoloni na ya serikali huru, yamekuwa jaribio la kuwatoa humo watu ambao hawakustahili kuingizwa.

Kabla ya ukoloni Wakipsigis hawakuwa na jela wala polisi, na hawakuwa na mfalme ambaye kosa lingehesabiwa kuwa limetendwa dhidi yake. Maisha ya kila siku yalitawaliwa na kokwet, yaani ujirani wa maboma yaliyokaa pamoja kwenye mgongo mmoja wa kilima, na jina hilohilo lilitumika kwa baraza la wazee wa ujirani huo. Baraza lilikutana nje, chini ya mti, wanaume wakiwa wameketi kwenye nyasi, na mashauri yaliongozwa na kiruogindet, mzee aliyeheshimiwa kwa busara na ufasaha wake wa kusema, ambaye hakuwa na uwezo wa kumlazimisha mtu kwa nguvu bali alisikiliza kila upande mpaka uamuzi ukubalike na waliokuwapo. Mtu aliyekana shtaka huku ushahidi ukiwa haba angeweza kutakiwa kula kiapo, na aliyekataa kulipa alichohukumiwa aliogopa laana ya wazee, iitwayo chubisiet, ambayo iliaminika kuwafuata hata watoto wake. Hofu hiyo ndiyo iliyofanya kazi ambayo baadaye ilifanywa na pingu.

Mauaji yalikuwa jambo la koo mbili. Ukoo wa muuaji ulidaiwa na ukoo wa marehemu, na deni lililipwa kwa mifugo iliyochangwa na ndugu wengi, kila mmoja akitoa kwa kadiri ya ukaribu wake wa damu na uwezo wa zizi lake, hata mtu ambaye hakuwahi kuliona tukio akajikuta anaswaga ng'ombe wake kwenda kwa watu wasiokuwa wake. Kwa utaratibu huo kila ukoo ulikuwa na sababu nzito ya kumwonya kijana wake mkorofi mapema, maana hasira yake ingewagharimu wote. Hapo pia ndipo ilipoonekana mipaka ya mfumo wenyewe, kwa kuwa ndani ya ukoo mmoja hapakuwa na wa kulipa wala wa kulipwa, na aliyemuua ndugu yake alibaki na unajisi ambao hakuna ng'ombe aliyeweza kuuondoa.

Haifai kuupamba mfumo huo kupita kiasi. Wanawake hawakuketi barazani kama waamuzi, fukara asiye na ndugu wengi alikuwa na kinga ndogo, na mtu aliyeshukiwa uchawi au aliyeshindikana kwa wizi angeweza kuuawa kwa idhini ya jamaa zake mwenyewe. Jambo la kuzingatia ni kwamba shabaha ya kawaida ya hukumu ilikuwa kurudisha kilichopotea na kuwawezesha majirani kuendelea kuishi pamoja. Kumwondoa mtu shambani mwake, kumlisha kwa gharama ya umma na kumrudisha baada ya miezi kadhaa huku aliyeibiwa akiwa hajalipwa chochote ni wazo ambalo lingewashangaza wazee wa kokwet, na kwa kweli liliwashangaza lilipokuja.

Lilikuja pamoja na bunduki na kodi. Kituo cha utawala wa Kiingereza kilianzishwa Kericho mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1905 jeshi la serikali liliwashambulia Wakipsigis wa Sotik kwa sababu ya ng'ombe waliochukuliwa kutoka kwa Wamaasai, likaua watu wengi na kuteka mifugo kwa wingi. Kanuni za magereza za Himaya ya Afrika Mashariki zilikuwa zimekwisha kutolewa mwaka 1902, nazo zilimfanya mkuu wa wilaya kuwa pia msimamizi wa jela ya wilaya yake, hivyo mtu yuleyule aliyedai kodi ya nyumba ndiye aliyemhukumu asiyelipa na ndiye aliyekuwa na ufunguo wa mlango alikofungiwa. Idara ya Magereza ilihesabiwa kuanza mwaka 1911. Pwani serikali ilirithi ngome za mawe, ndiyo maana Ngome ya Yesu ya Mombasa ilitumika kuwa gereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1958, lakini bara wafungwa wenyewe walitumiwa katika kazi za vituo vipya, wakifyeka, wakichimba mitaro, wakibeba maji na kutengeneza barabara.

Ni muhimu kuwatazama waliofungwa. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1906, pamoja na ile iliyoifuata mwaka 1910, ilifanya kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa jinai, na sheria ya kuwaandikisha wenyeji ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika mtu mzima kubeba kipande, yaani hati ya utambulisho na ya kazi iliyowekwa ndani ya kikebe cha chuma na kuvaliwa shingoni. Aliyeonekana bila kipande alikamatwa, kama alivyokamatwa aliyechelewa kulipa kodi. Wengi wa waliopitia milango ya jela kwa miaka hiyo hawakuwa wameiba wala kumpiga mtu, bali walikuwa wamevunja masharti ambayo serikali iliyaweka ili kupata fedha na vibarua.

Katika nchi ya Kericho mambo hayo yaliongezeka uzito kwa sababu ya chai. Ardhi nzuri iliyokuwa imetwaliwa kutoka kwa Wakipsigis, ambayo sehemu yake ilikuwa imetengewa maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani na ambao kilimo chao cha kitani kilishindwa, iliingia mikononi mwa kampuni kubwa katikati ya miaka ya 1920, Brooke Bond na James Finlay zikiwa mbele. Kampuni hizo zilihitaji maelfu ya wachumaji, na wengi wao walitoka Gusii, Nyanza na Uluhya. Mfanyakazi wa namna hiyo alipokosana na mwenzake au na msimamizi wake kwenye kambi za mashamba hakuwa na kokwet ya kumsikiliza wala ukoo wa karibu wa kumlipia deni, kwa hiyo polisi, hakimu na jela vilikuwa karibu naye kuliko wazee wake. Kwa njia hiyo uchumi wa chai ulilipa gereza la Kericho haja ya kuwapo ambayo maisha ya wenyeji peke yake yasingelipa.

Serikali hiyohiyo iliyodai kwamba kila mtu abebe kosa lake mwenyewe haikusita kuutumia ukoo pale ulipoifaa. Sheria ya adhabu ya pamoja ya mwaka 1909 iliruhusu jamii nzima itozwe faini kwa kosa la mtu asiyejulikana, na sheria ya wizi wa mifugo ya mwaka 1913 iliruhusu faini ya mara kumi ya thamani ya mnyama aliyeibwa, ambayo jamaa za mwizi wangeweza kulazimishwa kuichangia. Kilichokuwa zamani fidia kati ya koo mbili kiligeuzwa kuwa tozo inayotolewa kwa ofisi ya wilaya, na ingawa aliyeibiwa alifidiwa, ilikuwa vigumu kwa wazee kuona haki katika hesabu ambayo iliwafilisi kumi ili kumwadhibu mmoja.

Adhabu nzito kuliko zote katika historia ya nchi hii haikutumia kuta kabisa. Ukoo wa Talai ndio uliotoa orgoiyot, kiongozi wa kidini aliyeaminika kuona yajayo, ambaye ushauri wake ulitafutwa kabla ya vita na kabla ya uvamizi wa mifugo. Waingereza walimuua Koitalel arap Samoei, orgoiyot wa Wanandi, mwaka 1905, na mwaka 1914 wakamhamisha ndugu yake, Kipchomber arap Koilegen, aliyekuwa na nguvu kubwa miongoni mwa Wakipsigis, hadi Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, akafia huko mwaka 1916. Wizi wa mifugo katika mashamba ya walowezi ulipozidi mwanzoni mwa miaka ya 1930, maofisa waliwashutumu Talai kuwa ndio wachochezi, na mwaka 1934 ikatungwa sheria maalumu ya kuwaondoa malaibon, jina la Kimaasai ambalo wakoloni walilitumia kwa viongozi wa aina hiyo. Takriban watu 700, wanaume, wanawake na watoto, walitolewa Kericho kwa awamu na kupelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, mahali pa malaria na mbung'o, ambapo watu waliozoea baridi ya nyanda za juu walikufa na ng'ombe wao wakafa pia.

Hawakushtakiwa mmoja mmoja, hawakupewa nafasi ya kujitetea, na hukumu yao haikuwa na tarehe ya mwisho, kwa kuwa mtoto aliyezaliwa Gwassi alizaliwa ndani ya adhabu ya babu yake. Waliruhusiwa kurudi mwaka 1962, takriban miaka 28 baada ya sheria ile, wakakuta ardhi yao ina wenyewe, na wengi wakabaki maskwota. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza kuhusu madhila ya Wakipsigis na Talai, baada ya malalamiko yaliyotiwa saini na zaidi ya watu 100,000. Historia ya magereza ikiandikwa kwa kuhesabu majengo tu, jambo hili litaachwa nje, na kuliacha nje ni kosa, maana hakuna gereza la Kericho lililowahi kumfunga mtu kwa ukatili wa kiasi hicho.

Wakati huohuo maofisa wenyewe walikuwa wamekwisha kuona kwamba jela zimejaa watu wasiofaa kuwamo. Sheria ya kambi za kizuizi ya mwaka 1925 ilitenga mahali pa kuwaweka waliovunja sheria za kodi, za kipande na nyinginezo ndogo, ili wasichanganywe na majambazi, na wilaya nyingi zikawa na kambi ya namna hiyo karibu na ofisi ya mkuu wa wilaya. Watu hao hawakuitwa wafungwa, ingawa walilala chini ya ulinzi na kufanya kazi za serikali mchana kutwa. Nia ilikuwa njema kiasi, lakini urahisi wa kambi uliwafanya mahakimu na mabaraza ya wenyeji wapeleke watu wengi zaidi kuliko zamani, na mtu ambaye zamani angeonywa na wazee au kutozwa mbuzi sasa alitumwa kambini. Hatua mbili zilizofuata zilikuwa bora. Ya kwanza ilikuwa utaratibu wa kazi ya adhabu nje ya gereza, ambao ulimruhusu mwenye kifungo kifupi kulala kwake na kwenda kila siku kufanya kazi ya umma, na ya pili ilikuwa probesheni, iliyoanza kutumika nchini mwaka 1946, ambapo mahakama humwachilia mkosaji akae kwao chini ya uangalizi wa afisa aliyefunzwa kazi hiyo.

Miaka ya hali ya hatari ya 1952 hadi 1960, serikali ya kikoloni ilipopigana na wapigania uhuru, ilipanua magereza na kambi za Kenya kuliko wakati wowote mwingine, na mauaji ya watu 11 waliozuiliwa katika kambi ya Hola mwezi Machi 1959 yakaufanya ulimwengu ujue yaliyokuwa yakitendeka. Nchi ya chai haikuwa kitovu cha vita hivyo, lakini ilirithi pamoja na Kenya nzima idara kubwa iliyozoea nidhamu ya kijeshi. Sheria ya Magereza, ambayo ni Sura ya 90 ya sheria za nchi, ilianza kutumika mwaka 1963, na kwa sehemu kubwa ndiyo inayotumika hadi sasa.

Sheria hiyo ndiyo inayoeleza jinsi gereza la kaunti kama Kericho linavyoendeshwa. Mkuu wa gereza hampokei mtu bila hati ya mahakama, na mtu akipokelewa huandikwa, hupekuliwa, vitu vyake huorodheshwa na kuhifadhiwa, kisha huvalishwa sare. Mwenye kifungo cha zaidi ya mwezi mmoja anaweza kupunguziwa thuluthi moja kwa bidii na mwenendo mwema, isipokuwa wa kifungo cha maisha na wa makosa fulani yaliyotajwa, na punguzo hilo, kuliko fimbo yoyote, ndilo linalodumisha utulivu, kwa sababu mfungwa hulihesabu kila siku na askari anajua kwamba linaweza kuondolewa. Mama mwenye mtoto mchanga huweza kukaa naye mpaka mtoto afikishe miaka 4. Majaji na mahakimu wana mamlaka ya kuzuru na kusikiliza malalamiko. Siku huanza kwa kuhesabiwa na uji, huendelea kwa kazi za shamba, useremala, ushonaji au jikoni, ambazo malipo yake kwa miaka mingi yalihesabiwa kwa senti, na huisha mapema kwa kuhesabiwa tena na kufungiwa jua likiwa bado liko juu.

Mahabusu, yaani wanaosubiri kesi, hawana hata kazi hizo. Wengi wako rumande kwa sababu walishindwa kupata dhamana, na umaskini wao ndio uliowaweka huko kabla mahakama haijasema kama wana hatia. Katika magereza ya Kenya, ambayo ni zaidi ya 120, idadi ya watu imepita 50,000 kwa miaka kadhaa, ilhali nafasi iliyokusudiwa haifiki 35,000, na sehemu kubwa ya msongamano huo hutokana na rumande pamoja na vifungo vifupi vya watu walioshindwa kulipa faini. Pombe imechangia sana. Chang'aa ilipigwa marufuku kabisa kwa sheria ya mwaka 1980, ambayo ilidumu hadi 2010, na kwa miaka hiyo 30 wanawake wengi wa vijijini waliokuwa wakipika pombe ili walipe karo walikamatwa, wakatozwa faini wasiyoimudu, wakaingia gerezani, wakatoka na kurudi kwenye sufuria ileile kwa kuwa deni la karo lilikuwa limeongezeka.

Mwaka 1998 Bunge lilitunga Sheria ya Huduma kwa Jamii, iliyochukua nafasi ya kazi ya adhabu nje ya gereza, ambayo ilikuwa imeharibika kwa kuachwa mikononi mwa utawala wa mikoa, na wakosaji wengine wakaishia kulima mashamba ya watu binafsi. Mwaka 2003 Makamu wa Rais Moody Awori, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya magereza, alifungua milango kwa waandishi na wageni, akahimiza magodoro, mavazi safi na runinga kwa wafungwa, na mwaka huohuo viboko vikafutwa katika adhabu za mahakama. Askari jela, ambao nyumba zao zilikuwa duni mno, waliona wamesahauliwa, na mgomo wao wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mfungwa hawezi kutendewa utu na mlinzi asiyetendewa utu.

Katiba ya mwaka 2010 iligusa mambo yote mawili, mlango wa kuingilia na hali ya ndani. Kifungu cha 49 kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi 6, na Kifungu cha 51 kinamhakikishia aliyefungwa haki zake zote isipokuwa zile zisizowezekana kwa sababu ya kufungwa kwake. Kifungu cha 159 kinazitaka mahakama ziendeleze upatanisho na njia za kimila za kutatua migogoro, ilimradi hazivunji haki za binadamu. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliruhusu shtaka la mauaji dhidi ya Mohamed Abdow Mohamed liondolewe baada ya familia mbili kupatana kwa mila na fidia ya mifugo kutolewa. Uamuzi huo ulizua mabishano makali kati ya wanasheria, na mabishano hayo yana msingi, kwani fidia kati ya familia mbili zilizolingana si sawa na fidia inayotolewa na tajiri kwa mjane asiye na mtetezi. Hata hivyo mzee wa kokwet angeitambua kesi ile mara moja.

Leo mtu wa Sigowet anayepatikana na kosa dogo anaweza kurudi kwao bila kuvuka lango la gereza. Pale sheria inaporuhusu kifungo kisichozidi miaka 3, au hakimu anapoona kwamba kifungo cha kiasi hicho kinatosha, anaweza kuahirisha hukumu na kumtaka afisa wa probesheni afanye uchunguzi. Afisa huyo hufika kijijini, humsikiliza mlalamikaji, chifu, mzee wa kijiji na familia ya mkosaji, huuliza kama kuna ugomvi wa ardhi au wa pombe nyuma ya kosa, kama jirani yuko tayari kumwona mtu huyo akipita njiani kila asubuhi, na kama mali iliyoibwa imerudishwa. Kwa miaka mingi watu wa Kenya wameiita adhabu inayofuata kifungo cha nje. Mkosaji hupangiwa kazi isiyo na malipo katika shule ya umma, zahanati, chemchemi ya maji au kitalu cha miti, na saa zake hujazwa na kutiwa saini na msimamizi wa mahali pale, ambaye mara nyingi ni mwalimu mkuu mwenye kazi nyingine nyingi. Akizikamilisha, faili hufungwa. Akitoroka, hurudishwa mbele ya hakimu, ambaye anaweza kuifuta amri hiyo na kumpa kifungo.

Idara ya probesheni na Huduma ya Magereza ziko chini ya wizara moja, lakini hazilingani kwa idadi ya watumishi wala kwa fedha, na afisa mmoja wa probesheni huweza kuwa na tarafa kadhaa za kuzungukia, kutoka vilima vya chai hadi Kaplelartet na Soliat, katika barabara ambazo mvua huzifanya zisipitike. Ripoti inapochelewa, mtu ambaye angekuwa akifyeka uwanja wa shule hubaki rumande Kericho akingoja iandikwe.